Hema jepesi la watu wawili kwa Elgon na Cherangani: ninunue lipi?

Nyarkisumo, Kisumu

Wadau, hamjambo. Mimi na mume wangu tumekuwa wa kupanda Longonot na Menengai na kurudi nyumbani jioni. Desemba tunataka kuingia Mlima Elgon kwa lango la Chorlim, tulale juu siku mbili tatu na tufike kilele cha Koitobos. Mambo yakienda vizuri, mwakani twende milima ya Cherangani.

Hema tulilo nalo ni lile la familia, zito kama gunia la mahindi, na halitoki nyumbani bila gari. Binamu yangu anakuja kutoka Uingereza mwezi wa Novemba na amekubali kutubebea moja. Tumebaki na haya matatu: Naturehike Cloud Up 2 ile ya nailoni yenye silikoni, ambayo ni kama kilo moja na nusu, hema la ukuta mmoja, yaani la tabaka moja tu la kitambaa, linalosimamishwa kwa fimbo za kutembelea, halifiki hata kilo, na lingine la faibaglasi nililoliona hapa mjini, bei rahisi lakini karibu kilo tatu.

Bwana anapima kila kitu kwa mizani ya jikoni na moyo wake uko kwa lile la ukuta mmoja. Ana urefu wa futi sita na inchi mbili. Mimi nataka tu kuamka nikiwa mkavu. Nisaidieni.

Mkulima wa Kitale

Karibu huku kwetu, dada. Desemba ni chaguo zuri, Elgon huwa pakavu kuanzia hapo hadi Februari, ingawa mlima huu haumwahidi mtu. Wingu la saa nane mchana likija, linakuja. Koitobos ni mita 4,222 na usiku huko juu maji ya chupa yanaweza kuganda, kwa hivyo usitumie pesa zote kwa hema ukasahau blanketi la maana. Na pale langoni ulizeni askari wa KWS, wale wa wanyamapori, wa kuwasindikiza, kuna nyati na ndovu. Kuhusu hema lenyewe nawaachia wanaojua.

Fundi wa Section 58, Nakuru

Dada Nyarkisumo, shikamoo ya mbali. Mimi ni fundi wa kushona hapa Nakuru. Nilianza na mikoba ya shule na maturubai ya malori. Siku hizi, kwa vile vijana wanapanda milima kila wikendi, meza yangu imejaa mahema. Mimi hema silijui kwa maelezo ya dukani, nalijua likiwa limeshachanika.

Hilo la faibaglasi liondoe kwenye orodha leo. Faibaglasi haipindi ikakuonya. Inapasuka kwa urefu, na vile vijiti vyake vyembamba kama sindano vinatoboa ala ya kitambaa inayoishika fimbo. Naletewa hema limepasuka fimbo moja, na kumbe limetoboka mahali kadhaa. Alumini ikipinda unaivisha kijibomba kinachokuja kwenye mfuko wa hema, unafunga kwa gundi ya utepe, unalala.

Sasa ya ukuta mmoja. Watu wawili wakipumua usiku kucha kwenye baridi ya Elgon, mvuke wote unaenda kwenye kitambaa na kugeuka maji. Hema lenye kuta mbili, kama Cloud Up, lina neti ndani, kwa hivyo maji yale yanateremka nje ya neti. La ukuta mmoja, mzee wako ataamka kichwa na miguu vinagusa kitambaa chenye maji. Mtu wa futi sita na inchi mbili ni sentimita 188. Weka mto, weka mfuko wa kulalia uliojaa manyoya, mwinue na godoro la hewa, utaona nafasi inaisha upesi hata kwenye hema la mita mbili na kumi. Cloud Up ni ya urefu huo, lakini upande wa miguuni paa linashuka. Alale hapo dukani kama anaweza, au apime sakafuni kwa chaki.

Upana pia. Sakafu yake ni sentimita 125. Magodoro mawili ya kawaida ya sentimita 51 yanaingia na kubakisha nafasi ya simu na tochi. Yale mapana ya 64 hayaingii mawili, hesabu inakataa. Mlango ni mmoja, kichwani, kwa hivyo hakuna anayemruka mwenzake akienda haja. Shida inakuja wakati wa mvua: mabegi mawili na viatu vya watu wawili vinagombania kibaraza kimoja, ile nafasi iliyofunikwa nje ya mlango. Kama binamu anaweza kupata hema la milango miwili, vibaraza viwili, fimbo za alumini, na lisizidi kilo mbili, mimi ningechukua hilo hata likiwa na gramu mia tatu zaidi. Mwambie bwana kwamba uzito unagawanywa. Mmoja anabeba kitambaa, mwingine fimbo na vigingi. Na apime pia yale masufuria.

Ukisoma maelezo utaona namba ya milimita. Hiyo ni kimo cha maji ambacho kitambaa kinabeba kabla ya kuanza kupenyeza. 1,500 kwa paa inatosha. Kwa sakafu tafuta 3,000, kwa sababu goti la mtu linasukuma maji kuliko mvua inavyofanya. Na nailoni ikilowa hulegea, si kwamba hema ni bovu. Kabla ya kulala toka ukaze kamba. Poliesta hailegei sana.

Wateja wangu wengi wanaharibu hema nyumbani, si mlimani. Wanarudi Jumapili, wanalitupa juu ya kabati likiwa na unyevu. Baada ya miezi michache utando wa ndani unaozuia maji unaanza kunata vidoleni na kutoa harufu kama maziwa yaliyochacha. Hapo hata mimi siwezi, utando ukishaoza umeoza. Nyinyi wa Kisumu na lile joto lenu la ziwani, anikeni hema likauke kabisa kivulini, maana jua nalo hula nailoni.

Jingine, kitambaa chenye silikoni pande zote mbili hakishiki utepe wa mishono. Mshono ukivuja unapakwa silikoni. Tafadhali msipake super glue. Inakauka, inakuwa ngumu, inavunjika hapo hapo pembeni na kukata uzi.

Gramu Chache

Fundi umeongea, lakini usitutishe. Mimi niko na la ukuta mmoja na nimelala Cherangani vizuri tu. Siri ni kufungua matundu ya hewa hata kukiwa na baridi, kutopiga kambi bondeni karibu na maji, na kuwa na kitambaa cha kupangusia asubuhi.

Fundi wa Section 58, Nakuru

Sikatai, ndugu. Wewe unalala peke yako, si ndiyo?

Gramu Chache

Ndiyo. Umenipata.

Nyarkisumo, Kisumu

Asanteni sana, na wewe fundi marahaba. Nimemsomea bwana yote, kwa masufuria akanyamaza. Tumeandikia binamu atafute la milango miwili, asipopata alete Cloud Up. Swali la mwisho: nikilipata nitajuaje ni zima kabla ya kufika Chorlim?

Fundi wa Section 58, Nakuru

Lisimamishe uani siku ile litakapofika. Usiku simama nje yake, mwenzako awashe tochi ndani; kila tundu litang'aa. Mchana lirushie maji kwa mpira wa bustani robo saa, kisha pitisha kiganja kwenye kona za sakafu na chini ya zipu. Zipu ikiwa inaachia nyuma, mara nyingi meno ni mazima, ni kile kichwa chake kimelegea. Unakibana kidogo kwa koleo pande zote mbili. Pia zisugue kwa mswaki mkavu ukitoka Menengai, lile vumbi linazila.

Kama kona itavuja, litume kwa matatu mapema. Tarehe 20 nafunga kibanda, Krismasi mimi huwa Bungoma.