Familia ya Babu: aleji ya kiangazi na usingizi

Mama Neema: Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Jamani mwenzenu silali, tangu upepo wa huku Dodoma uanze Neema ni chafya jioni mpaka saa nane usiku, pua imeziba anahema kwa mdomo, shuleni anasinzia tu. Ajabu mchana anakuwa na nafuu

Baba Juma: Mpe Piriton alale

Dada Zai: Shem isiwe ya kila usiku, Piriton inalaza kweli ila asubuhi mtoto anaamka mzito kama hajalala na darasani ndo anasinzia zaidi. Wifi uliza famasi setirizini ya maji, ni ya aleji pia ila hailewesi sana, uwaambie umri wake wakupe dozi. Na usiku lazima izidi maana mtu akilala chali pua inavimba ndani, halafu lile vumbi la mchana kutwa liko kwenye nywele na yeye kalilalia

Mama Neema: Anaoga akitoka shule

Dada Zai: Halafu anarudi nje kucheza 😅 aoge kabla ya kulala na kichwa umwoshe, nguo za mchana zisipande kitandani. Madirisha funga mapema kabla upepo wa jioni. Na neti je?

Mama Neema: Neti sijaifua tangu mvua ziishe

Dada Zai: Basi anza na hiyo wifi angu, ile inakusanya vumbi balaa na iko juu ya uso wake usiku kucha. Ifue taratibu na sabuni ya kawaida, uanike kivulini maana jua linaua dawa. Shuka na foronya kila wiki kwa maji ya moto, wale wadudu wa vumbi wasioonekana wanakufa kwenye nyuzi 60, ila siku ya upepo usianike nje utakuwa umefanya kazi bure

Shangazi Tatu: Sisi tulikuwa tunajifukiza majani ya mwarobaini mnalala fofofo

Dada Zai: Shikamoo shangazi. Kwa mtu mzima mvuke unafungua pua kidogo sawa, ila kwa mtoto naogopa ile sufuria ya moto kabisa, wanaungua. Bora matone ya maji ya chumvi ya famasi kabla ya kulala

Shangazi Tatu: Marahaba. Hapo kwenye kuungua ni kweli

Baba Juma: Mi natumia ile ya kupuliza ya kuzibua, dakika tu pua hiyo wazi, nimeizoea mwezi wa pili huu

Dada Zai: Shem acha!! Zile za kuzibua ni siku 3 mpaka 5 basi, ukizidisha pua inaziba kuliko mwanzo ndo maana huwezi kuiacha. Nenda ukamwone daktari akuandikie ya aina nyingine, ile unapuliza kila siku na inachukua siku kadhaa ndo uone nafuu

Dada Zai: Wifi kingine, usiku kifua kinalia kama filimbi? Au anakohoa alfajiri?

Mama Neema: Kukohoa alfajiri ndiyo, na juzi nilisikia kama kifua kinalia

Dada Zai: Basi usingoje neti wala nini, leo leo mpeleke hospitali wamsikilize kifua, inaweza ikawa pumu

Shangazi Tatu: Nauli natuma sasa hivi, mwende

Mama Neema: Asante shangazi, namfuata shule