Mrejesho: Mwaka 1939 katika daftari la bibi yetu

Miezi mitatu iliyopita niliuliza iliwezekanaje mama wa bibi yangu, Mkhoja (Mwislamu wa jamii ya wafanyabiashara wa Kihindi) kutoka Kutch, magharibi mwa India, aliyefariki Unguja mwaka 1921, awe ameacha daftari la duka lenye tarehe ya 1939 kwa mwandiko wake mwenyewe. Nawashukuru mlionishauri nimtafute msomaji wa Kigujarati, kwani mzee niliyempelekea alitazama ukurasa wa kwanza tu akacheka: mwaka huo ni wa Samvat, kalenda ya wafanyabiashara wa Gujarat, ambayo imeitangulia hii yetu kwa miaka 56 au 57 na ambayo mwaka wake mpya huanza baada ya Diwali. Kwa hiyo daftari lilifunguliwa mwishoni mwa 1882 au mwaka 1883, enzi ya Sultani Barghash.

Ukurasa ulionigusa una doa la mafuta ya nazi. Hapo ameandika nauli ya mdogo wake wa kike, aliyekuja na jahazi kutoka Mandvi, bandari ya Kutch, kwa upepo wa kaskazi, na chini yake magunia mawili ya karafuu yaliyouzwa ili kuilipa. Nyumbani tulisimuliwa kwamba mama huyo wa bibi alikuwa mke wa kukaa ndani tu. Mumewe ametajwa mara moja, kwenye deni la tumbaku.