Uliishi na mtu mwenye uraibu: dalili ipi uliiona usiielewe? Tupeane uzoefu

Habari zenu wakuu.

Nimemaliza kitabu cha maisha ya Matthew Perry, yule mwigizaji aliyecheza Chandler kwenye tamthilia ya Marekani, Friends. Kilitoka Novemba 2022, na Oktoba 2023 akafariki. Aliwahi kusema ukiifuatilia tamthilia ile msimu kwa msimu utauona uraibu mwilini mwake: akinenepa ni pombe, akikonda ni vidonge vya maumivu. Na sisi tulikuwa tunamtazama, tunacheka.

Kilichonimaliza ni zile Jumapili. Alikuwa akienda kwenye nyumba zinazouzwa, anajifanya mnunuzi, anaomba msalani, kisha anapekua kabati la dawa. Kuna kipindi alifika vidonge 55 kwa siku.

Hapo nikafunga kitabu, maana kaka yangu kila akija kwangu alianzia msalani. Bomba linafunguliwa, maji yanatiririka weee. Mimi nilikuwa nimetoka kufanyiwa upasuaji wa mgongo, dawa za maumivu ziko kabatini. Chupa ikawa nyepesi nikasema labda nimekosea hesabu. Kumbe alikuwa anachukua vitatu, vinne, halafu anarudisha ile pamba ya juu vilevile alivyoikuta.

Wengine mliona nini?

Mchangiaji wa 2:
Peremende za mnanaa. Kila koti la mume wangu, kila mfuko. Mwanangu ndiye aliyeniambia, "Baba akila pipi anakuwa mkali." Nilikaa chini palepale jikoni.

Mchangiaji wa 3:
Mimi nipo upande wa pili, mwaka wa sita sijagusa pombe. Watu huuliza kuhusu Perry, "Alikuwa na kila kitu, alikosa nini?" Swali hilo linaniuma. Jamaa alianza kunywa akiwa na miaka 14, umaarufu ulimkuta tayari anaumwa. Mwaka 2018 utumbo ulipasuka, akalala wiki mbili bila fahamu, familia ikaambiwa uwezekano wa kupona ni asilimia 2. Akaamka, na bado akatafuta vidonge. Asiyepitia arosto, yale mateso ya mwili ukikosa kilevi, ataona ni ukaidi.

Mkuu uliyeanzisha, kaka yako alijua idadi ya vidonge vyako kuliko wewe. Mimi nilijua kila chupa ndani ya nyumba imebaki kiasi gani, huku nimesahau siku ya kuzaliwa ya binti yangu. Usijilaumu kwa kutoona. Kuficha ndiyo ilikuwa kazi yetu ya kutwa.

Mwanzilishi:
Asante sana ndugu yangu, hilo la kuhesabu sikuwahi kulifikiria. Bro sasa yuko mwezi wa nane bila vidonge. Juzi alikuja, kama kawaida akaenda msalani. Dawa nilishazihamisha kitambo, lakini nilijikuta nimesimama koridoni nasikiliza bomba. Likafunguliwa, likafungwa. Akatoka mikono inachuruzika maji, ananiuliza taulo iko wapi.