Miezi miwili bila pombe, mbona kila kitu hakina ladha?

kimyakimya: Wadau, nina miaka 24, nimekunywa tangu nina 17, sasa ni miezi miwili sijagusa hata tone. Nilijua nikiacha ntafurahi, wapi! Mziki haunigusi, mpira naangalia basi tu, juzi mshahara umeingia nikausoma kama meseji ya tangazo. Ila nikiona mtu kashika chupa moyo mbio kama nimeitwa jina. Kuna kitu kimeharibika kichwani?

msomamasomo: Hilo la mshahara limenichekesha mkuu, maana ndo walichopima kabisa. Kuna utafiti wa Ujerumani wa 2007, waliwalaza kwenye mashine ya MRI, ile ya kupiga picha ubongo, watu waliotoka kuacha pombe, wakawa wanaonyeshwa alama kwamba ukiwahi kubonyeza unapata hela. Ile sehemu ya ndani inayoshtuka zawadi ikinukia, striatamu, kwao ilikuwa imepoa kuliko kwa wasio na shida ya pombe, lkn wakionyeshwa picha za pombe inawaka hiyohiyo! Na waliopoa zaidi kwenye hela ndo walikuwa na arosto kali zaidi. Kwahiyo mtambo haujafa, umezoea kuamshwa na kitu kimoja tu. Pombe inamwaga dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamu na raha, kwa mkupuo, miaka ikienda vipokezi vya kuipokea vinapungua, ukiitoa pombe hivi vidogo vidogo vya kawaida havisikiki.

kimyakimya: Sasa vinarudi au ndo basi?

mamaP: Mdogo wangu mi miezi mitano nilikuwa kama mti, halafu siku moja nimejikuta nacheka peke yangu jikoni, sikumbuki hata kilichonichekesha. Inarudi polepole, we usijipime kila asubuhi.

msomamasomo: Na kwa umri wako sehemu ya mbele ya ubongo, yaani breki, ndo kwanza inamalizia kukomaa, inaendelea mpaka kwenye 25 hivi. Huenda hiyo nayo inachangia chupa kukuvuta hivyo, usijione mzembe.

zamuyausiku: Naongezea, kutosikia raha kwa wiki nyingi inaweza kuwa sonona pia, mwone daktari, muulize na dawa ya naltreksoni, inapunguza ile stimu ya pombe. Na kama kuna msomaji anakunywa kila siku asikate ghafla peke yake, degedege la kuacha linaua.

kimyakimya: Nimewasoma. Leo nimepita njia ya nyuma, ndefu kinoma.