Mafundi bodi wa Mwanza tumechoka na vipindi vya kupamba malori: mnadanganywa, halafu mnakuja kutufokea sisi

Wakuu, heshima kwenu. Mods wakiona uzi huu hauko mahali pake wauhamishe, ila wasiufute, maana nimeuandika na hasira zangu zote.

Mimi ni fundi bodi, gereji yetu iko upande wa Nyakato. Tunajenga bodi za Fuso na Canter, tunanyoosha kabini zilizogongwa, tunachomelea chesisi (ile fremu ya chuma chini inayobeba lori zima), tunapaka rangi. Kazi zipo, namshukuru Mungu. Kero yangu ni hawa wateja wa siku hizi wanaoingia getini simu mkononi. Kabla hata hajakusalimia kashafungua klipu: lori la Marekani linaingia gereji limeoza, muziki unapigwa, cheche zinaruka, linatoka linang'aa kromu mpaka kwenye nati za matairi. Halafu anakugeukia: "Fundi, unaona wenzako? Siku tano. Wewe unaniambia mwezi?"

Siku tano za wapi, mzee?

Juzi kaja bosi mmoja anayepakia dagaa pale Mwaloni Kirumba. Kanunua Fuso mkononi mwa mtu aliyekuwa anabebea samaki wa barafu. Kwa nje kabini nzuri tu, anataka bodi mpya, rangi mbili, bampa la kromu, mataa juu ya kabini, na maandishi. Nikamwambia sawa, tuangalie chini kwanza. Nikaingia uvunguni na nyundo. Chuma kizima ukikigonga kinalia, unakisikia. Hiki kwa mbele kilikuwa kinalia vizuri, nilivyozidi kwenda nyuma mlio ukafa, nikifika kwenye boriti za kukatisha karibu na ekseli nyundo ikazama, kutu ikanimwagikia usoni kwa magamba. Maji ya barafu ya samaki yamechuruzika humo miaka na miaka. Nikamwita ainame aone mwenyewe. Hakuinama. Kasema, "Wewe fundi unatafuta kazi tu, hiyo tupake rangi."

Tupake rangi! Lori la kupanda na mzigo mpaka Kigoma huko, chesisi imekuwa biskuti, tupake rangi! Na hasira yangu haiko kwake peke yake, iko kwa waliomfundisha kwamba lori ni kitu cha kupaka rangi.

Sasa ngoja niwaambie hivi vipindi vinavyotengenezwa. Kipindi cha saa moja cha televisheni ya Marekani, ukitoa matangazo, kinabaki dakika 42 au 44 hivi. Ndani ya dakika hizo mteja lazima alie, bosi lazima afoke, vijana lazima wataniane, na mwisho lori lifunuliwe watu wapige makofi. Kazi yenyewe inabakiziwa dakika ngapi? Ndiyo maana kuchomelea unaoneshwa cheche tu, huoneshwi mshono. Mimi nikitazama natafuta mshono. Hawakupi! Wanakata, picha inayofuata mshono umeshasagwa na grenda na una praima, ile rangi ya chini ya kwanza.

Na msidhani nasema kwa wivu. Chukueni Pimp My Ride ya MTV, kile kipindi cha kupamba magari makuukuu, aliyokuwa anaiendesha Xzibit kuanzia 2004 mpaka 2007. Nani hapa hakuitazama? Mwaka 2015 baadhi ya wenye magari yale walifunguka kwa waandishi wa habari. Magari yalikaa gereji miezi, si siku, mmoja wao alikaa bila gari kama nusu mwaka. Kuna vitu viliwekwa kwa ajili ya kamera vikang'olewa baada ya kurekodi. Kuna jamaa aliwekewa taa ndani ya viti, zikiwaka kiti kinapata moto, ikabidi awe anaendesha amezizima. Hayo wameyasema wenyewe waliotengenezewa magari bure, sijayatunga mimi wa Nyakato.

Kwa malori hasa ilikuwepo Trick My Truck, kituo cha televisheni cha CMT, ilianza 2006, mafundi wake wa Joplin, Missouri. Pale lori la dereva linachukuliwa kama vile limeibwa, anakuja kurudishiwa limepambwa hadi chumba cha kulala nyuma ya usukani. Kazi za kromu nzuri, sipingi, mikono wanayo. Lakini dereva halipi! Umeelewa hapo? Gharama ziko kwenye kipindi. Hakuna mtu anasimama mbele ya kamera anamwambia fundi, "Nimekuletea laki tatu, nyingine nitakupa nikirudi safari ya kwanza." Kwangu hiyo sentensi naisikia kila wiki.

Overhaulin' ya Chip Foose, yule mbunifu wa magari wa Marekani, nayo ilianza 2004. Mwenye gari anaaminishwa limeibwa, baada ya wiki hivi anarudishiwa jipya. Wiki hiyo nakubali inawezekana. Ila hesabu vichwa vilivyozunguka lile gari. Kikosi kizima kinapokezana usiku na mchana, wa bodi yuko, wa injini yuko, wa viti yuko, na vipuri vinaletwa na makampuni yanayotaka majina yao yaonekane kwenye kioo. Mimi nina vijana wawili na mashine moja ya kuchomelea, umeme ukikatika saa nne asubuhi tunakaa kwenye kivuli tunakula miwa. Nipe kikosi kile na bati lisilokwisha uone kama sitakutolea Fuso kwa wiki.

Tuje kwenye rangi, maana hapo ndipo ninapotukanwa zaidi. Mtu anaona kwenye klipu bunduki ya rangi inapita mara moja, lori jekundu. Kabla ya huko kuna kukwangua, puti ya kujazia mabonde, msasa mkavu, puti tena palipobonyea, msasa wa maji, praima, msasa. Kila hatua ina kukauka kwake na haiombwi. Wenzetu wana chumba maalumu, kimefungwa, hewa inachujwa, kina joto la kukaushia. Mimi nina bati juu na turubai pembeni, na niko Mwanza. Mnaojua msimu wa wale wadudu wadogo wa ziwani mnanielewa. Umemaliza kupuliza mlango jioni, rangi mbichi, kijana amesahau taa inawaka, upepo umegeuka kutoka ziwani. Asubuhi unakuta mlango umeota vinyweleo. Wamejibandika maelfu, mabawa yote ndani ya rangi. Huwezi kuwafuta, ukifuta unavuruga. Unasubiri ikauke kabisa, unarudi kwenye msasa, unaanza upya, na rangi hiyo ya pili mteja hailipii ng'o. Nioneshe kipindi gani wamewahi kuonesha hilo.

Halafu uzito. Hili linanishangaza kwa wafanyabiashara wazima. Kwenye televisheni lori likipambwa linaenda kwenye maonesho. La kwako linaenda mizani. Sheria ya uzito ya Afrika Mashariki tumeanza kuibanwa nayo tangu Machi 2019: ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne mwisho tani 10, na gari zima hata liwe na ekseli ngapi halivuki tani 56. Kila bampa la chuma kizito, kila ngazi, kila mabomba ya mapambo unayotaka nichomelee ni kilo za mzigo ulizojinyang'anya mwenyewe. Yule bosi wa dagaa nilimpigia hesabu hiyo mbele yake, akaniambia nina roho mbaya. Na rangi ukibadilisha, kadi ya gari nayo inatakiwa ibadilishwe, maana rangi imeandikwa mle. Trafiki akikusimamisha kadi inasema nyeupe na gari ni zambarau utamwoneshea klipu?

Kuna wengine wanataka moshi. Ndiyo, moshi! Kijana kaja na Hilux anataka itoe moshi mweusi ikikanyagwa kama ya Diesel Brothers. Wale ni jamaa wa Utah, kipindi chao kilianza Discovery mwaka 2016. Nikamuuliza kama anajua walichokutana nacho. Hajui. Mwaka 2017 chama cha madaktari wanaotetea hewa safi hukohuko Utah kiliwapeleka mahakamani kwa kung'oa vifaa vya kuchuja sumu ya moshi kwenye magari ya dizeli, na mwaka 2020 jaji wa shirikisho akawapiga faini inayozidi dola 800,000. Zigeuze kwa shilingi mwenyewe. Kwenye klipu unaoneshwa moshi tu, jaji hayumo.

Na ugomvi je? American Chopper, wale wa pikipiki wa New York, walianza 2003, watu wengi walikuwa wanatazama baba na mwanawe wakitukanana na kurusha viti kuliko pikipiki zenyewe. Sasa nina kijana hapa gereji kaanza kunijibu kwa kufoka eti ndivyo gereji inavyoendeshwa. Nimemwambia siku akirusha spana yangu aifuate hukohuko ilikoangukia na asirudi.

Kwa hiyo kwangu utaratibu ni huu, na mafundi wenzangu wa Igoma, Buhongwa na Mabatini naomba tushikamane. Chesisi inagongwa kwanza, mwenye gari akiwa ameinama anaona. Ikikutwa mbovu inakatwa, hakuna kufunika na rangi. Asiyetaka alichukue lori lake siku hiyohiyo. Nusu ya pesa mkononi kabla sijawasha mashine, na chuma anaenda kununua mwenyewe dukani ajue bei zilivyo, aache kuniambia namwibia kwenye engo laini, vile vyuma vya pembe. Tarehe ya kumaliza naitaja mimi.

NYONGEZA: Naona mmeanza. Mkuu unayesema mafundi wetu waongo, "njoo kesho" kila siku, sikatai wapo, na wanatuchafua. Lakini jiulize nusu ya hizo kesho zinatoka wapi. Mteja anabana siku kwa sababu kaona klipu, fundi anaogopa kumpoteza anaitikia wiki moja akijua haiwezekani. Akisema ukweli mteja anaenda kwa fundi Maiko, yaani fundi wa kubabaisha, aliyemwahidi siku tatu.

Aliyeuliza kama hakuna kipindi chochote cha maana: kwenye YouTube wapo mafundi wanaojirekodi wenyewe, video saa nzima mtu ananyoosha bati moja tu, haongei, hafoki. Hizo natazama na vijana wangu tunajifunza. Hazina wa kulia wala wa kupiga makofi, ndiyo maana wateja hawaniletei.

Na wewe wa Sengerema unayeuliza bei ya bodi ya mbao ya Canter humu ndani, vuka daraja uje nalo. Lori ambalo sijalala uvunguni mwake sitaji bei.