Kazi za IT zinahamishiwa India, nifanyeje nibaki? Naombeni ushauri

MtotoWaPangani

Habari zenu wakuu, naombeni mawazo maana mimi yangu yameshaisha. Niko Dallas, nafanya kazi kwenye kampuni ya bima ya afya, jina naliacha. Niko IT, timu yetu ndiyo inashughulika na mfumo wa madai, yaani hospitali ikituma bili mfumo unaikagua unaamua ilipwe au irudishwe. Kazi yangu nusu ni kuujaribu mfumo kabla toleo jipya halijatoka na nusu nyingine ni kupokea tiketi za matatizo. Juzi tukaitwa kikaoni tukaambiwa kampuni inafungua kituo chake Hyderabad na baadhi ya majukumu yatahamia huko, tarehe hawajataja, nani anabaki hawajasema, ila ratiba ya kuwafundisha wenzetu wa kule tayari tumepewa, kila siku asubuhi. Meneja ukimuuliza anakwambia tulieni hakuna kilichoamuliwa. Sasa nitulieje wakati naambiwa niandike kila ninachokifanya hatua kwa hatua?

Niko kwa viza ya kazi ya H-1B, I-140 yangu, yaani ombi la grini kadi ambalo mwajiri ananiombea, ilishapita mwaka jana, nasubiri grini kadi yenyewe. Watoto wawili wanasoma hapa na nyumbani mama ananitegemea kwa dawa zake. Tathmini zangu za kila mwaka ni nzuri zote. Nikazane zaidi ili nionekane? Niwafundishe hawa watu au mengine niyafiche? Nianze kutafuta kazi sasa hivi au nisubiri nione? Waliopitia haya semeni ukweli hata kama unauma.

BabaNeema_Columbus

Pole sana mdogo wangu. Nilikuwa benki moja hapa Ohio na timu yetu ilihamishwa yote isipokuwa watu wachache, kwa hiyo nakwambia nilichokiona kwa macho.

Hizo tathmini nzuri zisikupe usingizi. Uamuzi wa namna hii haufanywi kwa kutazama nani mchapakazi, unafanywa juu kabisa na watu wa fedha ambao hata jina lako hawalijui, wanaangalia kazi gani inaweza kuelezwa kwa maandishi mtu mwingine akaifanya. Tiketi zinaelezeka. Kupima toleo kwa orodha ya hatua kunaelezeka. Hizo mbili ndizo zinazopanda ndege mwanzo, na kwa bahati mbaya ndizo ulizotaja wewe. Ukikazana kufunga tiketi nyingi kuliko wenzako unakazana kwenye kazi ambayo ndiyo inaondoka.

Waliobaki kwetu hawakuwa mafundi kutuzidi. Kuna mama mmoja, programu alikuwa anaandika kidogo sana, lakini kila kikao na watu wa mikopo alikuwepo, anajua kwa nini sheria fulani iliwekwa kwenye mfumo, nani aliiomba, na ukiibadilisha nani atapiga simu analalamika. Huyo walimwongezea na mshahara. Kwako wewe hao ni madaktari wa kampuni wanaopitia madai, watu wa mikataba ya hospitali, watu wa ukaguzi. Nenda kaketi nao. Usiombe ruhusa kwa imeili ndefu, mwambie bosi wako toleo lijalo lina hatari fulani nataka niwasikie wenyewe kabla sijalipima, atakubali.

Halafu kuna suala la saa. Dallas ikiwa saa nane mchana majira ya kiangazi, Hyderabad ni saa sita na nusu usiku. Mfumo ukianguka mchana huku hospitali zinapiga kelele, lazima awepo mtu macho anayeweza kuongea na hospitali. Wengine watakwambia kule wanafanya zamu ya usiku, ni kweli wanafanya, lakini watu wazoefu hawakai kwenye zamu ya usiku miaka mingi. Kuwa wewe unayepigiwa wakati huo.

Kuficha usifiche. Kwetu waliojaribu kuficha ndio waliotoka mwanzo, maana mameneja waliona wazi na tena wakapata sababu.

Kijana_wa_Houston

Mimi nakupinga hapo kwenye kufundisha kaka. Orlando, Disney, watu wa IT kama 250 mwaka 2014 waliambiwa ajira zao zinakwisha na kabla ya kuondoka wakawafundisha wageni waliokuja kuchukua nafasi zao, wengine wakaenda mahakamani na kesi ikatupwa 2016. Walifundisha vizuri, walipata nini? Andika kile ulichoombwa basi, usimwage moyo wote.

BabaNeema_Columbus

@Kijana_wa_Houston walichopata ni malipo ya kuondokea, na familia nyingi hizo hela ndizo zilizolipa nyumba miezi ile. Uchungu wao naujua na wala siutetei ule mpango. Ila huyu ndugu yetu yuko kwa viza, akifukuzwa kwa kosa la nidhamu anaondoka mikono mitupu na saa yake ya siku 60, yaani muda wa kupata mwajiri mwingine au kuondoka nchini, inaanza siku hiyo hiyo. Mazingira ya mtu mwenye uraia si ya huyu.

MamaZuhura_MN

Mdogo wangu, wenzangu wameongelea kazi, mimi niongelee karatasi maana hapo ndipo nimeona watu wetu wengi wanaumia.

Siku 60 za H-1B zinahesabiwa tangu ajira inapokwisha, na USCIS, yaani idara ya uhamiaji, kwa kawaida wanatazama siku ya mwisho uliyolipwa mshahara. Kiinua mgongo unachopewa baadaye hakiongezi hata siku moja, hata kama ni hela ya miezi sita. Kwa hiyo siku mkiitwa, cha kwanza kuuliza siyo kiasi gani, uliza siku yangu ya mwisho kwenye mishahara ni ipi, na waombe waisogeze mbele hata kwa malipo madogo.

Kuna sheria ya WARN, kampuni yenye wafanyakazi 100 au zaidi ikipunguza watu wengi kwa mpigo mahali pamoja inatakiwa itoe taarifa siku 60 kabla. Wengi wanakuweka kwenye mishahara hizo siku 60 bila kufanya kazi, ndipo saa yako ya viza inaanza baada ya hapo, yaani unapata kama miezi minne kwa jumla. Lakini wakipunguza kidogo kidogo, kumi leo, wanane mwezi ujao, wanaweza wasifike kiwango cha sheria, na wapo wanaofanya hivyo makusudi. Taarifa za WARN za jimbo lako ziko wazi kwenye tovuti ya Texas Workforce Commission, ingia uwe unaangalia, kampuni yako inaweza kuonekana pale hata kabla meneja wako hajafungua mdomo.

I-140 yako angalia tarehe iliyopitishwa. Ikishapita siku 180, kampuni hata ikija kuiondoa, nafasi yako kwenye foleni haipotei, mwajiri mpya anaanza karatasi zake upya lakini wewe unabaki na tarehe ile ile. Na mwajiri mpya akishawasilisha ombi la kukuhamisha, unaruhusiwa kuanza kazi kwake bila kusubiri jibu. Kuna watu wanatishana na ile ada ya dola 100,000 iliyotangazwa Septemba 2025, USCIS walishafafanua kwamba aliye ndani ya nchi kihalali anayebadili mwajiri haimhusu. Ila usitoke nje ya Marekani kipindi hiki kabla ya kuongea na wakili wa uhamiaji, wakili wako mwenyewe, siyo wa kampuni, yule wa kampuni mteja wake ni kampuni.

Kama umefika miaka 40 na mkapunguzwa kwa kundi, sheria inakupa siku 45 za kuusoma mkataba wa kuondoka kabla ya kuusaini, na ukisaini una siku 7 za kughairi. Nimeona mtu anasaini palepale kwenye Zoom huku analia. Usisaini siku hiyo.

Tafuta kazi sasa, usisubiri. Mwajiri anamtazama tofauti kabisa mtu ambaye bado yuko kazini, hilo halina mjadala.

HesabuZaKodi

Niongeze kitu kimoja kuhusu hela maana ndiyo lugha ya hao wakubwa. Kuanzia mwaka wa kodi 2022 kampuni za Marekani zililazimika kugawanya gharama za kutengeneza softiwea, za ndani ya nchi kwa miaka 5, za nje kwa miaka 15, badala ya kuzikata zote kwenye mapato yanayotozwa kodi mwaka ule ule. Julai 2025 sheria ikabadilika, za ndani unaweza kuzikata zote mwaka huo huo lakini za nje zimebaki miaka 15. Maana yake ule unafuu wa mshahara wa Hyderabad siyo mkubwa kama unavyoonekana kwenye karatasi, kama kazi yenyewe ni ya kutengeneza mfumo mpya au kuuboresha. Matengenezo ya kawaida na tiketi hayahesabiwi humo. Kwa hiyo mdau ukiweza jina lako lionekane kwenye miradi ya kujenga, siyo ya kutunza, na meneja wako akitaka kuitetea timu mpelekee hoja hii aipeleke kwa watu wa fedha. Sisemi itawazuia, kampuni za nje zina vituo zaidi ya 1,700 India na watu karibu milioni mbili humo, wimbi ni kubwa. Ila uamuzi unaweza kurudi nyuma, 2020 shirika la umeme la Tennessee Valley Authority lilirudisha uamuzi wa namna hii baada ya wafanyakazi kupiga kelele mpaka rais akamfukuza mwenyekiti wa bodi. Lile lilikuwa shirika la serikali lakini.

Wanjiku_Ruaka

Sasa mimi niko upande ule mwingine, niko Nairobi nafanyia kampuni ya Ulaya, hizo kazi zenu ndizo zinatufikia. Nataka ujue vile inakaa huku. Tunapewa makaratasi ya maelezo mengi sana lakini hakuna mtu anatuambia kwa nini kitu kinafanywa hivyo. Tukikwama tunatafuta jina la mtu mmoja huko ambaye anajibu vizuri bila dharau, na huyo mtu tunamtaja kwa kila mkutano mpaka mabosi wa pande zote mbili wanamjua. Kuwa huyo mtu. Hao vijana wa Hyderabad hawajakuchukulia kazi, wamepewa tu, na wao pia wako na wazazi wanawategemea.

Na pia huku haidumu. Kazi ya kuchuja maudhui ya Facebook ilikuwa hapa Nairobi, 2023 ikaondolewa, watu 184 wakaenda kortini. Kwa hivyo hakuna penye kuna usalama, mimi mwenyewe kila jioni nasoma kitu kingine.

MtotoWaPangani

Wakuu nashukuru sana, mama Zuhura Mungu akubariki, I-140 nimeiangalia usiku huu huu, siku 180 zilishapita. Wakili nampigia Jumatatu.

Swali moja limebaki. Kampuni yetu ina kitengo kinachoshughulikia watu wa Medicaid, ile bima ya serikali ya watu wa kipato cha chini, kwa mikataba na majimbo, na nimesikia data zile haziruhusiwi kutoka nje. Kuna nafasi imetangazwa ndani ya kampuni lakini mshahara uko chini kidogo na ni kazi ya kukagua data, siyo kupima mfumo. Niende?

BabaNeema_Columbus

Nenda, na omba wiki hii kabla hawajafunga uhamisho wa ndani, kwetu waliufunga ghafla. Ni kweli majimbo kadhaa yanakataza kwa mkataba data za Medicaid kwenda nje, ila usitegemee uvumi, muulize meneja wa kitengo kile mkataba wao unasemaje kuhusu kazi kufanyiwa nje ya nchi, atajua. Kazi za jeshi na silaha zina ulinzi mkubwa zaidi lakini zinataka uraia au angalau grini kadi, hizo kwa sasa ziache.

MamaZuhura_MN

Nenda lakini kabla hujasaini muulize wakili kama cheo kipya kinahitaji H-1B yako irekebishwe na kama kinagusa ombi la grini kadi, maana majukumu yakibadilika sana lazima kampuni iwasilishe marekebisho kabla hujaanza. Na maombi ya nje endelea kuyatuma hata ukiipata.