Nimealikwa Macau kulala hoteli ya kasino bure siku tatu, naombeni ushauri wakuu

Mdau wa Igombe: Wakuu habari za jioni. Mimi ni mtu wa mabondo, yale maputo ya ndani ya sangara, hapa Mwanza, nanunua kwa wavuvi Igombe na Ukerewe, nakausha nauza. Mwezi ujao naenda Guangzhou kutafuta injini ya boti, sasa Mchina ninayemuuziaga kasema nikifika nivuke mpaka Macau, atanilaza hoteli kubwa ya kasino usiku tatu bure, kanitumia video, chumba kina sebule yake na beseni la kuogea mtu mzima ananyoosha miguu. Toka juzi sipati usingizi. Waliowahi kukaa hoteli za hivyo, ni bure kweli au bili inakuja mwisho? Na nivae nini?

Dada Nyegezi: Kandambili acha nyumbani, suti siyo lazima. Mi nilienda kutembea ile Venetian, ilifunguliwa 2007, vyumba karibu 3,000. Ndani kuna mifereji na mitumbwi, mpiga kasia anakuimbia, dari imechorwa mbingu yaani saa nne usiku unaona bado mchana. Mtoto wa ziwani mie nikashangaa maji gani haya hayana hata harufu ya samaki.

Mzee wa Kamanga: Kijana kamari usiisogelee. Mpwa wangu aliuza pikipiki kwa ajili ya dubwi la mtaani, la sarafu za mia mbili tu. Mama yake mpaka leo akipita ile fremu anaangalia chini.

Rock City: Mkuu bure kwa sharti gani? Hoteli zile chumba anapewa mchezaji. Umeambiwa uweke nini?

Mdau wa Igombe: Sharti hakuna. Ni dhamana tu dola za Hong Kong 30,000, napewa chipsi zao za kuchezea za hiyo hela, nikiondoka narudishiwa.

Rock City: Hapo ndo penyewe. Chipsi za kawaida unapeleka dirishani unapewa chako, ila za mawakala wanaopelekea kasino wachezaji hazibadiliki kuwa hela mpaka uziweke mezani ushinde. Kwa hiyo karibu milioni kumi lazima ichezwe, na meza haikuonei huruma, ruleti, lile gurudumu la namba, ya sifuri moja ina namba 37 lakini ukipatia wanalipa 35 kwa moja. Na hao mawakala, mkubwa wao Alvin Chau alikamatwa 2021, 2023 akapigwa miaka 18 jela. Hiyo hela yako?

Mdau wa Igombe: Nusu yangu. Nyingine ya wenzangu watatu wa mwaloni, wamenikabidhi ya injini. Ila jamani siendi kuila! Pasi nimeshamtumia picha na ndiyo nimeshasema, mteja wa miaka minne huyu, leo nimwambie nini?

Dada Nyegezi: Hao watatu wanajua?

Mtu wa Kirumba: Hii chai. Mabondo tunauza kwa madalali hapahapa, Mchina gani anamwalika mtu Macau? Weka picha.

Mdau wa Igombe: Picha ya nini mkuu, yako juu ya chanja hapo nje, yamekauka yamekuwa rangi ya asali, nimetoka kuyageuza sasa hivi hata simu inanuka. Nitunge ili nipate nini?

Mtu wa Kirumba: Swali la dada hujajibu.

Mama Pasiansi: Acheni chai kwanza. Viza yako ya China ni ya kuingia mara ngapi? Macau ilirudi China 1999 lakini mpaka wake ni mwingine, ukivuka unahesabika umetoka China. Kama ni ya mara moja imeishia hapo, Guangzhou hurudi, na injini ya watu umeiacha kule.

Mdau wa Igombe: Nimefungua pasi. Pameandikwa 01. Wenzangu hawajui, dada, niliona niwaambie nikirudi. Hivi viza nyingine ukiiombea kulekule Macau inachukua siku ngapi?